Gachoki na ngoma ya mzee asiyesikia

Saa mbili asubuhi, ukungu wa Julai umelalia mashamba ya kahawa pale Manyatta, Embu. Gachoki amechuchumaa kando ya moto wa magunzi ya mahindi, anageuza ngoma kubwa polepole kama mtu anayechoma nyama. Anaipiga kofi. Anatikisa kichwa. Anairudisha motoni.

"Bado," anasema. "Ngozi ikipoa inalegea, inalia kama debe. Na leo siwezi kubahatisha. Kuna mzee ametoka Meru kuja kuisikia, na masikio hana."

Mzee huyo ni Mithika, miaka mia na moja, aliyepigana Burma katika vita vya pili vya dunia. Bomu lilimwachia uziwi. Sauti anayoipata ni ile inayopita ardhini, ikapanda kwenye bakora hadi mkononi.

Leo wachezaji kumi na wawili wamefika kutoka India, kutoka milima iliyo karibu na Burma, kumchezea kwa shukrani, maana vita vile vililinda milima yao. Gachoki, fundi wa ngoma wa miaka 54, ndiye atakayewapokea. Ngoma yake, ya gogo la muringa, ilimchukua wiki tatu.

Watu wa mbali wamekumbuka. Wetu je? Kamati imewaketisha wakubwa kwenye sofa ndani ya hema, na Mithika, mwenye siku yake, amewekwa nyuma kwenye kiti cha plastiki. Anaona migongo tu.

Ratiba inasema ngoma ni saa tatu. Saa tano na nusu wakubwa bado wanashukuriana kwa maikrofoni. Gachoki anaigusa ngozi kwa kidole. Imelegea. Za wageni pia zimelegea.

Anabeba magunzi hadi kando ya hema, anawasha. Mtu wa kamati anamjia mbio.

"Wewe! Moto hapa hapana! Moshi unaingilia wageni!"

"Wageni gani?" Gachoki anamjibu. "Si ndio hawa wanaota moto?"

Kweli, Wahindi wameshauzunguka moto na ngoma zao, wanacheka.

"Mwache apashe!" anapaza sauti Ciku, mkewe Gachoki. "Hata hizo hotuba zingepashwa kidogo!"

Uwanja mzima unaangua kicheko. Anayehutubia anakaa bila kuambiwa.

Gachoki anaipiga kofi ngoma. Sasa inaitika. Anainyanyua, anazipita sofa zote, anaitua chini mbele ya miguu ya Mithika. Wageni wanamfuata. Watu wanageuza viti, na wakubwa wanabaki nyuma wakinyoosha shingo.

Pigo la kwanza. Mzee hatikisiki. La pili. La tatu, na bakora inaanza kutetemeka. Anaweka kiganja kwenye ubao wa ngoma, mdomo unamfunguka.

"Gatwiri!" anamwita mjukuu wake kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Iko! Nimeipata!"

Anasimama. Mabega yanacheza. Wahindi wanaruka na kuzunguka angani huku wakipiga, akina mama wanapiga vigelegele, na Gatwiri analia na kucheka pamoja.

Akishachoka, mzee anamshika Gachoki mkono. "Kuna rafiki yangu, askari mwenzangu, jina lake Bundi. Tulimzika huko kwa hawa wageni, mwaka wa arobaini na nne. Hajasikia ngoma ya nyumbani tangu siku hiyo."

Wageni, wakitafsiriwa maneno hayo, wanamwalika Gachoki papo hapo: aje Novemba, apige makaburini.

Sasa anachonga ngoma ndogo ya kubebeka. Pasipoti ndiyo inasumbua. Ofisini wamemwambia arudi Jumatatu, na hiyo itakuwa Jumatatu ya nne. Kwa hao, haraka ni ya watu wengine.

Gachoki hanuni. "Nitaenda tu. Nitaiweka chini kabisa, igusane na udongo."

Na moto wa kuipasha?

"Nilishawauliza wale wageni," anasema, akipuliza vumbi la mbao. "Wanalima mahindi. Magunzi yapo."