Mama Anafukuza Ndege Mlangoni

Ofisi ilipotuambia kila mtu afanyie kazi nyumbani kwake, nilicheka peke yangu. Aliyetoa amri ile hajawahi kukaa Uvira. Hapa ukikutwa nyumbani mchana basi huna kazi, na asiye na kazi ni wa watu wote. Jirani atakuachia mtoto aende sokoni. Mwingine atakuja kusukwa nywele kwenye baraza lako, maana kwako kunafika upepo wa ziwa. Fundi baiskeli ataomba maji ya kunywa, na akishakunywa atakusimulia ugomvi wake wote na mke wake. Siwalaumu. Ndivyo tulivyolelewa: mlango wazi maana yake karibu.

Kazi yangu ni ya masikio. Napata kwenye ordinatere, yaani kompyuta yangu, sauti za watu waliorekodiwa vijijini, wakulima wa Katogota na wafugaji wa Rurambo, wakieleza habari za mashamba na magonjwa ya ng'ombe. Nasikiliza Kifuliiru chao, naandika Kifaransa. Mtu akikohoa tu nje, neno limekwisha kupotea, narudi nyuma kulitafuta. Ofisini tulikuwa na chumba chenye kimya. Nyumbani nilikuwa na mama.

Mama nilimteremsha kutoka Lemera baada ya baba kufariki, miguu yake ilipoanza kuvimba. Kaka yangu, aliyebaki kule milimani, alitaka kumtunza yeye. Nikakataa katakata. Sifichi, nilimtaka mama yangu karibu. Hamu naye nilikuwa nayo tangu niliposhuka kuja kusoma. Nikamtandikia kitanda kizuri. Nikamkataza ndoo, nikamkataza ufagio, nikamkataza hata kutwanga majani ya muhogo ya sombe. Pumzika, Mama. Akapumzika, yaani alikaa kando ya meza yangu akiniuliza hili na lile, na mimi nikitoa ekutere masikioni kila mara kumjibu. Ikifika adhuhuri nina nusu ukurasa na hasira.

Na tusimsingizie mama peke yake. Nilikuwa naamka na kitenge cha kulalia, nafungua ordinatere juu ya kitanda, najinyoosha kidogo, na hicho kidogo kinakula asubuhi nzima. Nikiinuka naosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Ofisi ikaanza kuuliza kazi iko wapi. Mara ya pili waliuliza kwa ukali, wakasema wengine wanaoitaka kazi hiyo ni wengi. Nikaogopa, na kwa woga huo nikafanya jambo ambalo kwetu halifanywi. Nilifunga mlango mchana, komeo kwa ndani, mama nikamwacha barazani na mkeka wake.

Kwetu mlango ukifungwa mchana na watu wamo, kuna ugonjwa mkubwa au kuna msiba. Siku ya kwanza wapita njia walishusha sauti tu. Siku iliyofuata wakaja wamama wa shirika letu la kanisa, wamefuatana, na beseni la unga, samaki wadogo wa ndagala na kuni, wakasimama mlangoni wakaanza wimbo. Mimi na ekutere zangu sikusikia kitu mpaka walipofika ubeti wa pili. Nikafungua nikiwa na kitenge kile kile cha kulalia, nywele timtim, macho mekundu kwa kukodolea ordinatere. Mmoja akanikumbatia akalia. Ilinichukua muda kuwaeleza kwamba hakuna aliyekufa, nilikuwa kazini tu. Wakaangalia kitenge changu, wakaangaliana. Unga waliuacha, maana kilicholetwa kwenye kilio hakirudi. Mimi nilicheka hadi machozi. Mama hakucheka.

Jioni ile nilimkuta anakunja nguo zake anazitia kwenye mfuko wake wa safari. Alikuwa amekwisha kumpigia kaka simu aje kumchukua Jumamosi. Nikamuuliza nimemkosea nini. Akanijibu bila hasira, na hapo ndipo paliponiuma.

"Mugeni siku mbili, siku ya tatu mupe jembe. Weye ulinipa kitanda. Halafu ukafunga mulango."

Nililia kama mtoto. Nikamwambia kazi hii ndiyo inayotulisha, na iko karibu kunitoka, kwa sababu sijui namna ya kufanya kazi ndani ya nyumba. Sijui, Mama, sijui kabisa. Akaniomba, kwa mara ya kwanza, nimwonyeshe hiyo kazi yenyewe. Nikamvalisha ekutere. Mzee mmoja wa Rurambo alikuwa anamsema ng'ombe wake mkaidi, na mama akasikiliza mpaka akamcheka ng'ombe. Alipozitoa aliniangalia sana.

"Hii ni kulima," akasema. "Lakini weye unalimia mu kitanda."

Asubuhi akaniamsha nioge. Akanichagulia gauni la kanisani, akanivalisha na viatu. Halafu akaniambia niage, nitoke, niende mpaka kwenye bomba la maji barabarani, ndipo nirudi. Nilidhani ananitania. Nikaenda na mkoba wangu begani, majirani wakinishangaa. Niliporudi, meza ilikuwa imegeuzwa kuelekea ukutani, mlango wazi kabisa, na mama ameketi kizingitini na ungo wa maharage mapajani. Akanikaribisha shambani, wala hakutabasamu.

Aliyekulia milimani anaijua kazi ile. Mtama ukikomaa, wazee huketi kando ya shamba kufukuza ndege, kwa sababu nguvu za jembe zimekwisha lakini sauti bado ipo. Na mtu mwenye jembe mkononi hasimamishwi. Unamsalimu ukiwa njiani, unapita. Jirani alipokuja na mtoto mgongoni, mama akamwambia niko shambani. Jirani akachungulia, akaona mgongo wangu na viatu vyangu, akanitakia kazi njema kutoka nje. Mtoto akabaki mapajani kwa mama. Wasusi wa nywele walisogea upande wake wakawa wananong'ona. Hata fundi baiskeli alimhamishia mama ugomvi wake, na nadhani alishauriwa vizuri, maana mke wake alikuja na samaki wawili wa mikeke kushukuru.

Jua likifika kichwani mama ananiita ninyooshe mgongo. Siku niliyolalamika kwamba sauti ni ndefu, haiishi, aliniambia mlimaji haangalii mwisho wa shamba, anaangalia miguu yake. Na jioni ananiuliza nimelima mpaka wapi. Namwambia, mpaka pale ng'ombe alipoingia kwenye mihogo ya watu. Anaitikia kwa kichwa, ameridhika. Ofisi ikaacha kuuliza.

Lakini mfuko wa nguo ulibaki ukutani karibu na mlango, umefungwa vilevile. Sikuthubutu kumuuliza. Yeye naye hakuufungua.

Jumamosi kaka akafika kwa moto, pikipiki ya kukodi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa mezani. Ekutere nilizivaa, lakini nilikuwa nimezima sauti. Nikamsikia mama anamwambia apunguze sauti. Kaka akamwambia moto inangoja, mfuko ni huu, twende. Nikasikia maharage yanazunguka kwenye ungo, yanazunguka, kisha yakatulia.

"Mutama iko na masuke," mama akasema. "Ulishaona wapi muntu anaachia ndege shamba, anajiendea?"

Kaka akauliza mtama gani. Mbele yake kulikuwa na barabara, paa za mabati na ziwa. Baadaye alinieleza kwamba mama alinyoosha kidole ndani ya nyumba, kwenye mgongo wangu. Mimi sikugeuka. Ningegeuka ningelia, na mama angesema nimeacha jembe.

"Baba, ule mufuko urudishe mu chumba," nikamsikia akimwambia kaka. "Tembea polepole. Dada yako iko ku kazi."