Kipaumbele Nilichoyapa Mafaili ya Gradi

Nilifuta sauti ya marehemu kwa kubonyeza mara mbili tu, halafu nikamtazama mama yake na kumdanganya.

Naitwa Sylvie. Nina kiduka pale Birere, hapa Goma. Napiga chapa barua, natoa fotokopi, nakata video za ndoa. Kompyuta ni moja, imezeeka, ila mwenyewe nilijiona fundi wa kutisha.

Asubuhi moja aliingia mama kutoka Munigi, Mama Kahambu. Akafungua kona ya kitenge, akanipa kadi ndogo ya memori.

"Hii ilikuwa mu simu ya mutoto wangu Gradi. Alikufa na ajali ya pikipiki. Sauti zake ziko mule."

"Audio ngapi, mama?"

"Makumi tatu na moja. Karibu zote anauliza kama nimekula."

"Simu iligusa maji?"

Akainamisha kichwa. "Nilifua suruali yake, kumbe simu iko mu mufuko."

Nikaweka kadi, nikafungua programu ya kuokoa mafaili. Majina ya audio yakaanza kutokea moja moja. Mama akasogeza kiti.

Tatizo ni kwamba mashini ilikuwa inatengeneza pia video ya ndoa, na video inakula nguvu zote. Saa nzima ikapita, tuko asilimia kumi na mbili.

"Inaenda polepole sana, mama. Pole."

"Acha iende. Miye siko na haraka. Ata kesho nitakuya."

Mwenye haraka nilikuwa mimi. Kumwona amekaa vile, mikono mapajani, macho kwenye skrini, kulinichoma moyo. Na tuseme ukweli, nilitaka pia sifa.

Nikafungua orodha ya programu zinazotembea. Pale unaweza kuipa kila programu kipaumbele chake: cha chini, cha kawaida, cha juu. Juu kabisa kuna kimoja kinaitwa "temps réel", yaani wakati halisi. Ukikichagua, mashini inakupa onyo kwamba inaweza kuyumba.

Onyo nililisoma. Nikabonyeza "oui", ndiyo.

Programu ya kuokoa ikabeba nguvu zote, mashini yenyewe ikakosa ya kupumulia. Mshale ukaganda. Kibodi kimya. Nilingoja dakika ishirini, jasho linanitoka, halafu nikashikilia kitufe cha kuzima mashini, kadi ikiwa bado inasomwa.

Nilipowasha, kadi haikuonekana tena. Nikaitoa, nikaipangusa, nikairudisha. Nikaijaribu kwenye simu yangu. Hakuna kitu.

"Inasema nini?" Mama Kahambu akauliza.

"Kadi ilikuwa imeshakufa na maji, mama. Hatungeweza kitu."

Hakulia. Alifunga kadi yake kwenye kitenge. "Aksanti, mutoto wangu. Umejikaza." Akatoka, nami nikarudi kwenye ndoa ya watu.

Wiki mbili baadaye jirani yake, Olive, alikuja kwangu kutoa fotokopi. Tukaongea, akanitajia Mama Kahambu.

"Hafui tena nguo, ata zake. Anasema mikono yake ilimuua mutoto mara ya pili."

Nilifunga duka saa hiyo hiyo, nikapanda pikipiki mpaka Munigi.

Nilimkuta anachambua maharagi. Nikapiga magoti kwenye mawe, nikamwambia yote: onyo nililolipuuza, uongo niliomwambia.

Aliweka maharagi chini.

"Kwa hiyo haikuwa maji?"

"Hapana, mama. Kadi ilikuwa inasomeka. Ni miye."

Ndipo akalia, akiwa amefunika uso kwa mikono yote miwili. Nami nikalia. Nikanyoosha mkono nimshike bega, akauondoa taratibu.

"Sikiya, Sylvie. Ile siku ningekusamehe palepale, juu ya vile nilikuona unatumika ile kazi na roho yote. Lakini uliniacha nijichukie wiki mbili. Sasa enda."

Nikaenda.

Ndugu zangu mnaosoma, kuharibu kitu cha mtu kunaweza kumpata yeyote. Ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka. Mimi nilichelewa. Olive ananiambia Mama Kahambu ameanza tena kufua, na nashukuru. Ila tukikutana njiani anapita upande wa pili.