Swali la Kumi na Nne

Wambeti alisoma orodha ya matokeo ya mtihani wa waamuzi iliyobandikwa mlangoni, akarudia kuisoma toka juu. Alama sitini na tisa. Kupita kulihitaji sabini.

Alikuwa mwalimu wa shule ya upili karibu na Ishiara, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameamua mechi za besiboli za shule, vumbi la Mbeere likimjaa kooni. Wazazi walimzomea, makocha wakamtishia, lakini hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba hajui sheria. Sasa karatasi moja ilisema hajui, na fainali ya Meru, ambayo bila leseni asingeweza kuiamua, ilikuwa Jumamosi.

Aliomba karatasi yake. Swali la kumi na nne ndilo lililomponza: "Mpira uliopigwa ukimgusa mkimbiaji, mkimbiaji ametolewa. Kweli au si kweli?" Wambeti alikuwa ameandika: "Inategemea. Kama mpira umetoka nje ya mstari, hatolewi. Kama umeshamgonga mchezaji wa ulinzi kwanza, hatolewi." Juu ya maneno yake palichorwa msalaba mwekundu.

Damu ilimchemka. Aliingia moja kwa moja ofisini kwa Kithinji, mwenyekiti wa waamuzi, akamkuta anakunywa chai na Kinoti, aliyetunga mtihani.

"Bwana Kinoti, swali hili jibu lake ni lipi?"

"Kweli, Mwalimu. Ni rahisi sana."

"Mpira ukiwa nje ya mstari?"

"Aah, hapo si kweli. Lakini sisi tulimaanisha mpira ulio ndani."

"Mliandika wapi?"

Kinoti alimtazama mwenyekiti. Kithinji aliweka kikombe chini. "Mwalimu Wambeti, wenzako wote waliandika kweli au si kweli. Wewe pekee umetuandikia insha."

"Kwa sababu mimi pekee nimesoma sheria! Uwanjani nikikosea, mtoto anatolewa bila hatia, na mzazi wake ananifuata mpaka kwenye geti. Nyinyi mkikosea, mnanipunguzia alama. Na la ishirini je? 'Si kweli kwamba mwamuzi hawezi kukosa kusimamisha mchezo.' Nani kati yenu anaweza kulijibu hili bila kuhesabu vidole?"

Kithinji akasema matokeo yameshatoka na hayabadiliki. Wambeti akaondoka bila kuaga, na Jumamosi fainali iliamuliwa na Runji, kijana ambaye alikuwa na msimu mmoja tu.

Wambeti hakukaa kimya. Aliandika barua, akanakili sheria neno kwa neno, akaipeleka kwa kila mjumbe wa kamati, mkononi, akingoja mpaka mjumbe amalize kuisoma na kuinua kichwa. Njuki, mmoja wa wajumbe hao na mwamuzi mzee wa Embu, aliisoma akakuna kidevu. "Mama, hili swali hata mimi nilijibu kwa kubahatisha."

Wiki tatu baadaye akaletewa jibu la kamati: alama moja imeongezwa, leseni yake ya uamuzi imetolewa, na "kosa la mtahiniwa limesamehewa."

"Limesamehewa!" Wambeti alifoka hadi wanafunzi waliokuwa wakifagia veranda ya shule wakageuka. Alikaa, akachukua kalamu, akaandika chini ya barua hiyohiyo: "Leseni nimeipokea. Msamaha nawarudishia, kwa maana sikukosa. Nataka swali liandikwe upya kabla ya mwakani, nami niko tayari kuliandika."

Akaifunga barua kwenye bahasha, akaitia mkobani, akashika kofia yake ya uamuzi. Uwanjani timu mbili zilikuwa zimeshapanga foleni, na hakuna aliyethubutu kumwuliza kwa nini macho yake yamewaka vile.