Yoga Siku ya Sabato

Mgongo wangu uliharibiwa na majani chai. Miaka ishirini ya kuinama na kikapu mgongoni katika mashamba ya chai ya Itumbe si mchezo, na ilifika mahali nikawa siwezi hata kufunga viatu. Dada anayesimamia mazoezi ya viungo katika hospitali moja mjini Kisii ndiye aliyenifundisha yoga. Mimi ni mtu wa kuuliza, nikamuuliza imetoka wapi. Akasema India, zamani sana. Watu wa dini wa huko walinyoosha mwili ili waweze kukaa kimya muda mrefu na roho itulie. Jibu hilo lilinipendeza.

Nikawa natandika gunia nyuma ya nyumba kila asubuhi. Jirani yangu, ambaye macho yake hayana likizo, aliniona Jumamosi moja viganja chini, makalio juu. Jua halijatua, habari zilikuwa zimefika mbali hadi Ekerenyo.

Jumatano wazee wawili wa kanisa letu la Wasabato walikuja. Niliwapa chai na ndizi za kuchemsha. Walipomaliza, mkubwa wao akafuta mdomo.

"Mama, hii kitu unafanya ni mazoezi ama ni ibada?"

Ulikuwa mtego, na alijua. Nikisema ibada, nimeabudu miungu ya wengine. Nikisema mazoezi, nimefanya kazi siku ya Sabato. Kwa vyovyote ningenyang'anywa darasa la watoto la Sabato, nililofundisha miaka kumi na moja. Niliwapenda watoto wale kupita kiasi.

Mzee wa pili, mtu mpole, alijaribu kuniokoa. "Sema tu ni dawa ya hospitali. Dawa hata Sabato mtu anakunywa."

Ningeitikia, yangeisha. Lakini nilikuwa nimekasirika, na hasira hunifanya niseme kweli yote. Niliwaambia ilianza kama dawa, ila siku hizi naifanya kwa ajili ya ule utulivu, na nikishatulia namwomba Mungu, huyu huyu wao.

"Basi tumesikia," akasema mkubwa, akachukua kofia yake.

Sabato iliyofuata darasa lilipewa mwalimu mwingine. Nilikaa ndani na watu wazima toka wimbo wa kwanza hadi baraka, wima, bila maumivu hata kidogo. Mahubiri sikuyasikia. Nje watoto walikuwa wakikariri mstari wao, na mdogo kuliko wote alikuwa akiuliza, kila walipopumzika, mwalimu yuko wapi.