Bwana Tai Juu ya Gogo

Kiwandani walimwita Mama Pacha. Aliongoza safu ya wanawake walioshona mikono ya mashati. Msimamizi wa jengo zima walimwita Bwana Tai, maana hata joto lichemke vipi, tai haikumtoka shingoni.

Mdogo wake Mama Pacha alishona kwenye safu hiyohiyo. Siku alipoamka na homa, dada yake alimwombea ruhusa kwa Bwana Tai. Akakataliwa. Kabla ya mapumziko, binti alizimia juu ya cherehani, sindano ikamtoboa kidole mpaka upande wa pili. Ndugu walipokuja juu, Bwana Tai akawaambia, macho makavu, "Dada yake ndiye aliyemzuia. Alitaka safu yake iongoze."

Mdogo mtu akaamini. Akaacha kazi, akahama, wala simu za dada yake hakupokea tena.

Mama Pacha hakumtukana mtu. Alikiweka kinyongo moyoni, akakilea.

Mwaka uliofuata, mkurugenzi alisema kuwa uongozi haufundishwi kwa ubao na chaki. Wasimamizi na viongozi wa safu wakapelekwa kambini msituni. Walikwea kuta za mbao, wakabebana mgongoni, wakawasha moto kwa kuni mbichi. Kisha mkufunzi, mwanamke mwenye filimbi, akawapeleka kwenye kijito kilicholazwa gogo. Mtu avuke amefungwa kitambaa machoni, mikono yote kwenye kamba, akiongozwa na sauti ya mwenzake tu. Akikivua kitambaa, kundi lake limeshindwa.

Bwana Tai, kwa kujipendekeza kwa mkurugenzi aliyekuwa akitazama, alijitokeza wa kwanza.

"Nani atamwongoza?"

"Mimi," Mama Pacha akadakia.

Alimwongoza vizuri, sauti laini. "Mguu wa kulia. Polepole. Hapohapo." Walipofika katikati, akanyamaza.

"Sasa wapi?" Bwana Tai akauliza.

Akapapasa gogo kwa ncha ya kiatu.

"Mama Pacha! Upo?"

"Nipo, bosi. Nani alimnyima mdogo wangu ruhusa?"

Watu ukingoni wakaacha kuchekacheka. Mkufunzi aliinua filimbi, lakini mkurugenzi akamzuia kwa mkono.

"Hapa si mahali pake," Bwana Tai akasema. Gogo likatikisika chini yake.

"Basi simama hapo."

Alisimama. Jasho lilimtiririka chini ya kitambaa. Mwishowe akapasuka: "Ni mimi! Mimi ndiye niliyemkatalia! Nilikusingizia! Haya, niongoze!"

"Mguu wa kushoto," Mama Pacha akasema. "Hatua ndefu."

Kushoto hapakuwa na gogo. Kamba ikamponyoka, Bwana Tai akatumbukia mzimamzima, akaibuka na matope mdomoni, tai imemng'ang'ania sikioni.

Mkufunzi alikasirika sana. "Kiongozi hamwangushi anayemtegemea!"

"Mwambie yeye," Mama Pacha akajibu.

Hakuomba radhi, ndiyo maana alivuliwa uongozi na kurudishwa kwenye cherehani. Bwana Tai naye akahamishiwa ghalani, mbali na wafanyakazi. Habari zilisambaa haraka, na Jumapili moja mdogo mtu akabisha hodi. Alilia, dada yake akalia, kila mmoja akaomba msamaha juu ya wa mwenzake.

Kisha mdogo mtu akajifuta macho kwa kanga.

"Dada, alipoanguka, alipiga kelele?"

"Kama mbuzi."

Mdogo mtu akavuta kiti karibu. "Hebu nisimulie tangu mwanzo. Usiruke hata neno."