First Floor ya Mama

Nilitoka Voi kwa basi, nikalala Nairobi kwenye benchi la stendi, nikaunganisha hadi Kitale, kisha nikaenda Saboti kumchukua mama. Magoti yake yalikuwa yamekataa kazi. Ndugu yangu mkubwa, anayeishi Amerika, alikuwa amemaliza kujenga nyumba ya gorofa Bungoma. Alinipigia simu akasema, "Mama akae first floor. Kwingine pangisha."

First floor niliijua, kama kila mtu aliyesoma Kenya. Chini ni ground, ukipanda ngazi ndiyo first. Tulipofika Bungoma nikambeba mama mgongoni hadi juu, nikamweka chumba chenye dirisha la barabarani. Chumba pekee cha chini nikampa fundi cherehani.

Mama alikataa kubebwa tena. "Mbele ya watu, kama gunia la mahindi? Nitashuka nikipona."

Hakupona. Alizoea kuongea na fundi kupitia dirishani.

"Mama, hewa ya huko juu iko aje?"

"Wewe shona, bana. Ile suruali ya juzi ilikuwa na mguu mmoja mrefu."

"Si mwenye suruali ndiye ako hivyo!"

Wateja walicheka. Mama pia alicheka, kisha akarudi kitandani.

Baada ya miezi saba ndugu yangu alipiga simu ya video, akaona paa la jirani nyuma ya mama.

"Mbona mko juu?"

"Si ulisema first floor?"

"First floor ni ile unaingia tu kutoka nje. Huku ndivyo tunahesabu. Hapo mko second."

Nikamwambia hapa Kenya si hivyo. Mama akauliza tunaongea lugha gani. Nikamweleza kwamba chumba chake kilikuwa cha chini tangu mwanzo.

"Basi nitakaa mlangoni," akasema, "niangalie watu wakienda soko."

Nilipomwomba fundi atupishe, hakubishana. Aliomba tu amalize sare za shule, ahame mwisho wa mwezi.

Mama alifariki wiki moja kabla ya mwezi kuisha. Tulimshusha watu wanne, na kwenye kona ya ngazi ilibidi tumwinamishe. Fundi alishika upande wa miguu. Sikulia. Nilikuwa naangalia nisikanyage vibaya.

Tulimzika Saboti. Ndugu yangu alituma ujumbe kwamba fundi anaweza kubaki. Kesho yake nilirudi kwenye gorofa, nikamkabidhi fundi funguo zote, nikaenda stendi. Gari la Malaba, kule mpakani, ndilo lililokuwa karibu kujaa, nikaingia. Sijarudi Bungoma.