Meno Mawili ya Chini

Kaka yangu alijifunza ngumi jeshini, wakati wa vita vya Burma, na aliporudi Meru hakurudi moja kwa moja kwenye kahawa. Alipigana Moshi, akapigana Tanga, akavuka mpaka na kupigana Nairobi. Watu wa Arusha waliomwona siku hizo walisema ngumi yake ya kushoto haionekani ikienda, huonekana ikirudi tu. Kwa miaka michache ngumi ndizo zilizokuwa kazi yake. Mimi nilikuwa mwalimu katika shule ya misheni, na siku za mapambano nilikaa kwenye kona yake na ndoo, sponji na taulo.

Kisha, huko Moshi, alipigwa jicho la kushoto, akawa anaona ukungu upande ule. Daktari wa misheni alimsogeza dirishani, akalifunua jicho kwa kidole gumba, akasema pigo jingine kama lile na jicho hilo litabaki pambo la uso. Mama alikuwepo. Hakulia. Alisema tu, "Umesikia, mwanangu," akajifunga kanga yake upya, tukaondoka.

Alikuwa amesikia. Lakini alikuwa ameshakubali pambano moja mjini Arusha, na matangazo yalikuwa yamebandikwa kuanzia Kikatiti hadi sokoni. Mpinzani wake alikuwa kijana wa Mombasa aliyekuwa akipanda haraka, ambaye magazeti yalianza kumtaja. Nilimwomba kaka ajitoe.

"Nijitoe, halafu nipite wapi?" aliniuliza. "Kila njia ya kwenda mjini ina watu wanaonijua."

"Basi nikiona mambo yanaharibika, nitarusha taulo ulingoni, pambano liishe."

"Taulo hilo ni la kufutia jasho, mdogo wangu. Siku utakayolirusha, katafute kaka mwingine."

Pambano lilikuwa Kaloleni, Jumamosi alasiri. Ulingo ulijengwa nje na fundi mmoja Singasinga, kwa mbao nene hivi kwamba lori lingeweza kupita juu yake. Mwandalizi, Mhindi mwenye duka la vitambaa ambamo bibi yetu na watu wengi wa mlimani walinunua, alikaa mbele kabisa. Mwamuzi alikuwa afisa kijana wa Kiingereza, shingo bado nyekundu kwa jua. Alikuwa mgeni kabisa Tanganyika, na alijitahidi sana kutenda haki.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya kaka. Ya pili hatukujua ni ya nani. Katika ya tatu kijana wa Mombasa aligundua kitu: kila aliposogea upande wa kushoto wa kaka, kaka aligeuza kichwa kizima kumtafuta, kama kuku. Tangu hapo alikaa upande huo huo. Ngumi ya kwanza iliparuza nyusi. Ya pili ilipita karibu zaidi. Nilikuwa nimelikunja taulo mkononi hadi maji yakanichuruzikia viatuni.

Ngumi ya tatu ilimpata mdomoni. Kinga ya meno iliruka. Kaka alifungua kinywa kuvuta pumzi, mdomo umepasuka na damu inatiririka, na mwamuzi akaona kwamba chini, mbele kabisa, meno mawili hayapo.

Kwetu, Wameru na Waarusha wa rika lake waling'olewa meno hayo mawili utotoni. Mimi nilizaliwa baada ya baba kubatizwa, na yangu yakaachwa. Lakini mwamuzi hakuwa amekaa nchini kiasi cha kulijua jambo hilo. Alimrudisha kijana wa Mombasa kwenye kona yake, akainama, akaanza kutafuta meno kwenye mbao.

Kwanza watu walinyoosha shingo kuona anatafuta nini. Kisha mzee mmoja wa mstari wa mbele akaelewa, akapiga kelele: "Bwana! Unayatafuta hayo? Na yangu nitafutie!" Akapanua kinywa. Jirani yake akapanua chake. Punde upande wote wa watu wa mlimani ulikuwa vinywa wazi, kila kimoja na pengo lake, wakicheka na kuonyesha kwa vidole. Mwamuzi alidhani anadhihakiwa. Alikuja kwetu akiwa amekasirika.

"Muulize," aliniambia kwa Kiingereza. "Meno yametoka sasa hivi? Kama yametoka, huenda taya limevunjika, na ninasimamisha pambano."

Nilimtafsiria kaka kwa Kimeru. Alikuwa akihema.

"Akiamini hivyo, linaisha?"

"Linaisha."

"Nani atakuwa amelimaliza?"

"Yeye."

"Siyo wewe na taulo lako? Siyo mimi?"

"Yeye, kaka."

Alimtazama mwamuzi kwa jicho lililokuwa likiona vizuri. Kisha akafunga kinywa.

"Mwambie uamuzi ni wake."

Nikamwambia. Kule mbele, Mhindi mwenye duka, aliyeyajua mapengo yetu kuliko mtu yeyote mjini, alinitazama kidogo, akavua miwani, akaanza kuifuta taratibu. Mwamuzi aliunyanyua mkono wa kijana wa Mombasa.

Watu walizomea, lakini walimzomea mwamuzi. Kaka walimbeba. Nyumbani mama aliligeuza lile jicho la kushoto kwenye mwanga wa jioni, akalifunika lile jingine kwa kiganja, akamwuliza anaona nini. "Nakuona wewe, mama," alisema, "na ndizi nyuma yako." Mama aliketi chini pale pale mlangoni. Sikuwahi kumwona akiketi kabla ya kazi kwisha.

Kaka hakupanda ulingoni tena. Yule wa Mombasa alipigana miaka mingi, hadi Kampala, na kila mahali ilisemwa ndiye aliyeng'oa meno mawili kwa ngumi moja. Mwisho alipita Arusha, ngumi zimeshamwisha, akaulizia tulipo, tukakutana naye sokoni.

"Shikamoo, kaka yangu," alisema. "Nisamehe kwa yale meno."

"Marahaba. Usijali," kaka alimjibu. "Yalikuwa yananisumbua."

Walicheka wote wawili. Tulipotaka kuvuka barabara, yule bwana alisita ukingoni, akigeuza kichwa kizima kusikiliza baiskeli zinatokea wapi. Kaka akamshika mkono, akatazama huku na huku, akamvusha.